Watoto wa Namba Saba

Picha zilizotoka kwenye kamera ya bondeni asubuhi ile zilikuwa thelathini na moja, na nyingi zilikuwa za majani yaliyotikiswa na upepo. Daktari alizipitisha haraka kwenye kompyuta, huku Mama Pacha akichungulia nyuma yake na ndoo ya nyama mkononi. Alikuwa mlishaji wa mradi, na desturi yake ilikuwa kupata habari za walio nje kabla ya kwenda kuwahudumia walio ndani. Kwenye picha ya kumi na nne kidole cha Daktari kilisita.

Paka-mwitu waliyemwita Namba Saba alikuwa amelala ubavu mbele ya pango dogo la mawe, mkia wake mnene wenye pete nyeusi umewazunguka watoto wanne wanaonyonya. Ilikuwa picha ya kufurahisha ofisi nzima. Miaka arobaini ilikuwa imepita tangu paka-mwitu wa mwisho aonekane kwenye vilima vile, na mradi wa kuwarudisha ulikuwa umefungulia kumi na wawili tu. Hawa walikuwa watoto wa kwanza kuzaliwa nje ya banda. Lakini Daktari hakufurahi. Aliikuza picha mpaka ikaanza kupoteza sura, kisha akasema polepole, "Hawa wawili wamevaa soksi."

Msimamizi wa mradi aliacha chai yake akaja kuangalia. Ilikuwa kweli. Watoto wawili walikuwa na miguu myeupe kama waliokanyaga unga, na mmoja alikuwa na baka jeupe kifuani. Paka-mwitu halisi hana weupe huo. Weupe huo ni wa paka wa jikoni.

"Na wale wawili wasio na soksi?" aliuliza Mama Pacha.

"Baba yao ni huyo huyo, bila shaka. Wote wanne ni chotara."

Mama Pacha hakuhitaji kuelezwa ubaya wake, maana ndiye aliyekuwa akiwaeleza watu. Kwa mwaka mzima, akimaliza kulisha, alibeba tundu la waya akapita nyumba kwa nyumba kuomba paka wa watu wakahasiwe bure. Maneno yake watu walikuwa wanayajua kwa moyo: "Zamani hawa wanyama waliisha kwa sumu na mitego. Safari hii wataisha kwa ndoa. Akizaa na wa kwetu, na mtoto wake akazaa na wa kwetu, mwisho msitu utajaa paka wa jikoni, na yule mwenyewe atakuwa hayupo." Nyumba mia moja arobaini na tatu zilimsikiliza, nyingine kwa kicheko, nyingine kwa matusi, na mwishowe zote ziliwekewa alama ya vema kwenye orodha.

Nyumba ya sitini na mbili ilikuwa yake mwenyewe. Alama ile aliiweka kwa mkono wake, na ilikuwa ya uongo.

Nyumbani kwake kulikuwa na dume kubwa la kijivu, kifua cheupe, miguu minne myeupe. Waliliita Shemeji, kwa kuwa lilitokea saa ya chakula tu na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kulifukuza. Mwenye paka alikuwa mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa amekataa. Mama Pacha aliona haya kumwambia Msimamizi kwamba ameweza kuwashawishi watu baki akashindwa na mtu anayekula naye sahani moja. Akaweka vema, akajiambia, nitamwelewesha wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa imetimiza miezi mitano.

"Kuna mtu katudanganya," alisema Msimamizi akifungua orodha. "Na mimi namjua. Fundi viatu. Alituzungusha wiki sita, na paka wake ana miguu myeupe. Nadhani alituletea paka wa jirani tukamhasi, wake akambakiza ndani."

Mama Pacha alifungua kinywa. Mshikio wa ndoo ulikuwa unamkata vidole.

"Wewe si ndiye uliyemwandikisha?" aliuliza Msimamizi.

"Ni mimi."

"Basi lisha haraka, twende wote."

Kinywa kikajifunga.

*

Kibanda cha fundi viatu kilikuwa kona ya soko, kimejaa harufu ya gundi. Wateja wawili walikuwepo, mwalimu mmoja aliyekaa na kiatu kimoja mguuni, na muuguzi aliyekuja kufuata viatu vyake vya kazi. Paka mwenyewe alikuwa amelala juu ya vipande vya ngozi, hana habari na ulimwengu.

Msimamizi hakusalimia vizuri. Alisema wamekuja kukagua, akamwinua paka, akampindua miguu juu mbele ya wote. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha, alama ya waliokwisha kuhasiwa. Na kule chini palikuwa tambarare.

"Umeona?" fundi aliuliza, msumari bado uko katikati ya midomo yake. Aliutoa. "Sikio mlichukua. Huko nako mlichukua. Sasa mmekuja kufuata mkia?"

Muuguzi alicheka. Mwalimu naye alicheka, lakini kwa adabu, akitazama soksi yake. Msimamizi alimrudisha paka kwenye ngozi, akafuta mikono kwenye suruali, akasema ukaguzi ni wa kawaida, akatoka. Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama Mama Pacha.

"Ulikaa kwenye kigoda hicho hicho," alisema. "Wiki sita ulikuwa unakuja. Ukaniambia, fundi, niamini mimi. Nikakuamini wewe, si huyo mkubwa wako. Leo mtu mzima napinduliwa paka mbele ya wateja kama mwizi wa kuku, na wewe umesimama hapo kimya."

"Nisamehe, fundi."

"Nikusamehe nini? Wewe umefanya nini?"

Jibu lilikuwepo. Mama Pacha aliinamisha kichwa akatoka nalo.

*

Alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa mezani anachambua mbegu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na heshima yake. Wanawake wa nyumba ishirini walimwekea mbegu zao baada ya mavuno, za mahindi, za maharage, za maboga, kila mtu na mkebe wake, kwa kuwa alijua kuzikausha, na kwa kuwa ghala lake halikuwa na panya hata mmoja. Shemeji alikuwa amejinyoosha mlangoni mwa ghala kama askari aliyelipwa.

Mama Pacha alivuta kiti. Aliona akizunguka atapotea, akaenda moja kwa moja.

"Mama, Shemeji amezaa na paka wa mradi."

"Ni dume. Alitegemewa kufanya nini?"

"Watoto wote wanne wameharibika. Na leo nimesimama nikatazama mzee wa watu anadhalilishwa kwa kosa la hapa nyumbani."

Mama mkwe aliendelea kuchambua, mbegu nzima kulia, iliyotobolewa kushoto. "Mwanangu, hili tulishalizungumza. Umehasi mtaa mzima, ukabakiza nyumba yangu, nami nilikushukuru kwa hilo. Yule paka wa kwanza nilimpeleka kwa mikono yangu hii kuhasiwa na wanafunzi wa mifugo. Walisema ni sindano tu, nisubiri nje. Nikasubiri. Nikarudishiwa mzoga kwenye gunia. Mwaka ule panya waliingia humu, mbegu za watu zikawa vumbi. Wanawake walikuja na vitambaa vyao vya kubebea mbegu, wakakuta mikebe mitupu, wakaondoka. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana."

Mama Pacha alikuwa hajapata kuisikia habari ile yote. Alijua paka alikufa, lakini ya mikebe hakuijua.

"Aliyehasiwa anawinda vile vile, Mama. Tumeshaona nyumba mia."

"Akiwa hai."

Kisha Mama Pacha akasema lile lililobaki. "Mimi niliandika kwamba tumeshamhasi. Miezi mitano sasa."

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya mbegu. "Uliandika uongo kwa ajili yangu?"

"Hapana. Kwa ajili ya aibu yangu."

Mama mkwe akarudi kwenye mbegu zake.

Mume wa Mama Pacha alimkuta uani anafua. Baba Pacha alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mwenye desturi ya kuzungumza na mkewe kwa sauti ya chini kana kwamba nyumba si yake. Kati ya mama na mke, alikuwa akisema, yeye ni nyasi.

"Kesho kutwa mama anakwenda kupima presha," alinong'ona. "Mchukue paka asubuhi, umrudishe mchana. Mama macho yake si ya kuona sikio."

"Na akifia huko?"

"Tutasema amepotea. Paka hupotea."

Mama Pacha alikamua shati la shule la mmoja wa pacha mpaka likakosa tone. "Baba Pacha, nimeshasema uongo mmoja na ona ulipotufikisha. Wa pili sina pa kuuweka."

*

Kesho yake aliingia ofisini kabla hata hajachukua ndoo. Alisimama mbele ya meza akasema yote, paka wa nani, rangi gani, tarehe ya alama ile. Daktari aliweka kalamu chini, akageukia dirisha. Hilo lilimuuma Mama Pacha kuliko maneno ya Msimamizi, ingawa maneno ya Msimamizi hayakuwa machache.

"Mhubiri anakunywa pombe nyuma ya madhabahu," Msimamizi alisema. "Toa funguo za mabanda. Vua na hiyo fulana, ina jina la mradi."

"Niivue hapa?"

"Unataka uivulie wapi?"

Aliivua nyuma ya kabati la faili. Ndani alikuwa na blauzi ya zamani iliyokosa vifungo viwili, ameibana kwa pini, maana hakutegemea kuonwa nayo na mtu. Alipotokea, karani wa ofisi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Nitaandika barua ya kukuachisha," alisema Msimamizi.

"Andika ya onyo," Daktari alisema bila kugeuka. "Matundu yanahitaji kuoshwa, na kuosha tundu hakuhitaji fulana wala funguo. Na wewe, Mama Pacha, sikiliza. Ijumaa nitaleta mtego mlangoni kwenu. Kibali cha halmashauri ninacho, tena uliwaonyesha watu wewe mwenyewe. Akija kwa hiari, sawa. Asipokuja, nitamchukua."

"Nimesikia, Daktari."

Kutoka pale alikwenda sokoni na blauzi yake ya pini. Kwa fundi viatu palikuwa na wateja wanne. Angeweza kusubiri waondoke, na miguu ilimshawishi afanye hivyo, lakini alikumbuka kwamba jana fundi hakusubiriwa wateja wake waondoke. Akasimama mbele ya kibanda.

"Fundi, jana uliniuliza nimefanya nini. Paka aliyezaa na wa mradi ni wa kwangu. Hakuhasiwa. Nilidanganya kwenye orodha, na nilikuwa najua hivyo wakati wako anapinduliwa."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Loo," kwa sauti ndogo. Fundi alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Hiyo sasa ndiyo samahani," alisema. "Ile ya jana ilikuwa kikohozi. Nenda zako. Hasira bado ninayo, lakini nenda."

*

Siku ya pili yake Namba Saba alinaswa pamoja na watoto wake. Ilikuwa lazima. Chotara wakiachwa wakue, wangezaa na wengine, na kazi ya miaka sita ingeoza kutokea ndani. Mama Pacha aliomba ruhusa ya dakika chache, akaenda nyumbani. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza amerudi kupima presha, hajavua viatu.

"Mama, sikuombi paka," alisema. "Nakuomba uje kuangalia. Ukishaangalia, utakalosema nitalikubali, na Ijumaa nitasimama mlangoni na wewe mtego ukija."

"Utasimama upande gani?"

"Upande wako. Kisha watanifukuza kazi. Lakini njoo uone kwanza."

Mama mkwe alikwenda. Aliingia bandani akijishika kiuno, akatazama ndani ya tundu. Namba Saba alikuwa amejibana pembeni, masikio yamelala, akinguruma kutoka mahali pa ndani sana kwa mnyama mdogo kama yule. Hakuwatazama watu usoni kama afanyavyo paka wa nyumbani. Aliwatazama kama mtu anayetazama moto. Daktari alipoingiza mkono wenye glavu nene kuwatoa watoto, alijirusha mara moja tu, akapiga waya, akaanguka, na damu ikatoka puani.

Watoto walitiwa kwenye kikapu. Aliyekuwa na baka kifuani alitembea moja kwa moja mpaka ukingoni, akamtolea mama mkwe mlio kama wa Shemeji saa ya chakula.

"Watafanywaje?" mama mkwe aliuliza.

"Wakikua kidogo watahasiwa, watafutiwe nyumba mbali na hapa," alisema Daktari. "Mama yao atarudi bondeni peke yake. Atawatafuta."

Mama mkwe aliomba kiti. Alikaa, mikono juu ya magoti, akazungumza akimtazama Namba Saba.

"Marehemu baba yangu alikuwa mtegaji wa hawa. Walikuwa wanakula kuku wa watu, na serikali ya wakati ule ilitaka waishe. Ukipeleka mkia, unapewa chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba mikia ofisini, kwenye kikapu kichwani, nikiwa na umri wa hawa pacha wetu. Nilikuwa naona fahari. Karani alikuwa ananiita binti wa chumvi." Alisita. "Siku moja nilipeleka kumi na moja. Sikufikiri kama wana mwisho."

Daktari alivua glavu.

"Na hata hivyo," mama mkwe akaendelea, sauti yake imerudi mahali pake, "mtu akiniulia paka mezani sitamsamehe. Nikimleta, sitasubiri nje. Nitasimama hapo hapo mezani, nimeushika mguu wake. Na wewe ndiye utakayekata, wala si mwanafunzi wa mtu."

"Nakubali," alisema Daktari. "Utavaa barakoa."

"Nitavaa hata kofia ya chuma."

*

Ijumaa, mtego haukuhitajika. Walimpeleka Shemeji kwenye kikapu cha mbegu kilichofungwa kitambaa, wanawake wawili wanapokezana kikapu, naye akilalamika njia nzima mpaka watu wakawa wanatoka milangoni.

Kukata kwenyewe hakukuchukua hata robo saa. Kuamka ndiko kulikochelewa. Saa moja ilipita, Shemeji amelala na ulimi nje, ubavu unapanda kidogo na kushuka kidogo. Daktari alimsikiliza moyo, akamfunika blanketi, akasema wengine huchelewa. Saa ya pili ikapita. Mama mkwe hakuuachia mguu. Mama Pacha alikwenda kuosha matundu akarudi, akaenda akarudi, na kila akirudi hakuthubutu kuuliza. Alikuwa ameshaona mbele yake gunia, na ghala, na nyumba ambayo yeye na mwanamke huyu wangeishi humo bila kusemeshana mpaka mmoja azikwe.

"Mama," alisema mwishowe, "kama hataamka, kosa ni langu mimi."

"Acha kugawana maiti na mtu hajafa," alisema mama mkwe. "Shika mguu wa pili, una baridi."

Akaushika. Wakakaa hivyo, mmoja huku, mwingine kule. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana Shemeji alipovuta ulimi ndani. Alifungua jicho moja, akajaribu kusimama, akaanguka kama mlevi, kisha akamuuma mama mkwe kidole, si kwa nguvu. Mama mkwe alitazama tone la damu akaanza kulia, na kwa kuwa hakupenda kulia mbele ya watu, akamgombeza paka kwa kukosa adabu.

*

Namba Saba alirudishwa bondeni. Kamera ilimwonyesha akirudi kwenye pango siku tisa mfululizo, akiingia, akitoka, akisimama mlangoni na kichwa juu. Siku ya kumi hakuonekana pale. Mama Pacha aliziangalia picha zote tisa kwa sababu Daktari alimwambia asiziangalie.

Barua ya onyo ilibaki kwenye faili, na fulana haikurudi. Lakini habari ya maneno yaliyosemwa kwa fundi viatu ilikuwa imetembea. Jumatatu mwenye bucha alikuja ofisini na madume mawili kwenye boksi la sabuni, akasema yule aliyehasiwa mwaka jana alikuwa wa dada yake. Jumatano akaja bibi mmoja, kisha mlinzi wa shule. Kabla ya mwisho wa wiki wakawa saba, wote walikuwa na alama ya vema. Msimamizi alijifungia na Daktari kwa muda mrefu. Alipotoka alimkuta Mama Pacha na hozipaipu mkononi, akamwambia, akitazama ukuta, kwamba nyumba zote mia moja arobaini na tatu itabidi zipitiwe upya, paka mmoja mmoja, kwa macho, na kwamba watu wamesema hawatamfungulia mtu mwingine ila yeye.

"Bila fulana?" aliuliza.

"Kwa sasa bila fulana."

"Na mimi naanza na wale walionitukana," alisema Mama Pacha, akafunga maji.

Jumamosi alikuwa uani anakaza waya wa tundu, mama mkwe akatokea amevaa viatu vya safari na kitambaa kichwani.

"Wale wa ng'ambo ya mto hawatakusikiliza," alisema. "Yule mzee ana madume matatu na ulimi mbaya. Watoto wako wapi?"

"Wako kwa baba yao, karakanani."

"Basi shika huku, mimi nishike huku."

Walivuka daraja la mbao tundu likining'inia katikati yao, wakapumzika mara mbili kwa ajili ya kiuno cha mama mkwe, na mara zote mbili alikataa kuambiwa arudi. Nyumba ilikuwa na ua wa mabati. Mzee mwenyewe alikuwa kibarazani ananoa jembe. Alipoona tundu alisema kabla hawajafika, "Hapa tumeshahasiwa wote, hata mimi, rudini."

Mama Pacha alivuta pumzi aanze maneno yake ya siku zote, ya sumu na mitego. Mama mkwe alimgusa kiwiko, akasogea mbele, akaliweka tundu chini.

"Hodi," alisema. "Tumekuja kuwaona paka. Na usihangaike kutudanganya, baba, maana sisi ndio tuliotangulia kudanganya. Tukaribishe maji kwanza, nikueleze."

Mzee aliwatazama. Jembe likanyamaza. Kisha akasogeza benchi.